PIKIPIKI YA KWANZA HAPA DUBAI: NDOGO AU KUBWA?

Leo tujibu swali ambalo vijana wetu wengi huuliza: "Sista, nimejikusanya, nataka pikipiki yangu ya kwanza. Nichukue CC 150 au nijikaze nichukue 600?"

Utasema hilo ni swali la fundi, siyo la muuguzi. Fundi hutengeneza pikipiki, ndugu yangu, lakini mwendeshaji akivunjika analetwa kwetu. Nimesomea uuguzi nyumbani na nje, na majeraha ya pikipiki ni yale yale kote: kichwa, mfupa wa paja, mguu chini ya goti, kifundo cha mkono. Na kijana mmoja akilala kitandani miezi sita, huku nyumbani ada za wadogo zake nazo zinasimama. Kwa hiyo soma taratibu.

1. UZOEFU WA BODABODA HAUTOSHI

Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya CC 250 mwaka 2008, bodaboda zilijaa kila kona. Tanzania na Uganda nako hali ni hiyo hiyo. Lakini nyingi ya pikipiki zile ni za CC 100 hadi 150. Aliyezoea Boxer anajua kukwepa mashimo na kupenya foleni. Hajazoea kukaa katikati ya njia tano au sita za magari yanayokwenda kilomita 100 kwa saa na zaidi, kama Sheikh Zayed Road. Ndiyo maana hapa unapitia shule ya udereva na mtihani wa RTA. Usiyaone mafunzo hayo kama usumbufu, yatumie vizuri!

2. HATARI YA KUBWA

Pikipiki ya CC 125 ina nguvu za farasi 10 au 11 hivi. Ya michezo ya CC 600 inapita 100, na uzito wake ni karibu kilo 190. Kwenye ndogo, ukizidisha mafuta kidogo kwa bahati mbaya, inasogea tu. Kwenye kubwa, kosa hilo hilo linakurusha kabla hujajua umefanya nini. Tena kumbuka: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Mfupa wa binadamu ni ule ule, haukuongezewa kitu siku uliponunua injini kubwa.

3. NDOGO NAYO INA HATARI YAKE

Wengi husahau upande huu. CC 125 kwenye Emirates Road inakuwa imefika mwisho wa nguvu zake. Lori likija nyuma huna akiba ya kulikimbia, na upepo wake unakuyumbisha. Kwa hiyo jiulize kwanza: nitapita wapi kila siku?

- Mitaani tu, kama Karama, Deira au Satwa: CC 125 hadi 150 inatosha.
- Mitaani na barabara kuu mara chache: CC 200 hadi 250.
- Barabara kuu kila siku: anza na 250 mpaka uizoee, kisha panda hadi 300 au 400. Siyo 600.

Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2013, leseni zao zinapanda kwa ngazi: CC 125 kwanza, kisha ya kati, kubwa mwisho. Hapa ngazi hizo jiwekee mwenyewe.

Kwa wanaopeleka vyakula na vifurushi, mwendo wenu Dubai umewekewa kikomo cha kilomita 100 kwa saa, na tangu tarehe 1 Novemba 2025 mmezuiwa njia za mwendo kasi za upande wa kushoto. Injini kubwa itakuongezea gharama tu.

4. JIPIME KABLA YA KULIPA

a) Kaa juu yake. Je, nyayo zote mbili zinakanyaga chini?
b) Izime, uisukume hatua kumi, uirudishe nyuma. Ikikushinda ikiwa imezimwa, itakushinda ikiwaka.
c) Ina breki za ABS? Kwenye mchanga uliopeperushwa barabarani, breki hizi husaidia gurudumu lisijifunge na kuteleza.
d) Una tatizo la mgongo, macho, kifafa au sukari? Muone daktari kwanza.

5. JOTO

Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40. Injini kubwa kwenye foleni inakupikia miguu. Kunywa maji kabla ya kuona kiu. Ukisikia kizunguzungu, kichwa kuuma au kichefuchefu, simama kivulini. Ukiona mwenzako ameanza kuchanganyikiwa, huo ni ugonjwa wa joto na unaua: mmwagie maji, mpepee, piga simu 998.

6. GAWA FEDHA VIZURI

Usimalize pesa zote kwenye injini. Uchambuzi mkubwa wa utafiti uliotolewa mwaka 2008 na Cochrane ulionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Nunua inayofunika uso wote, ikukae barabara, na ufunge mkanda wa kidevuni. Ongeza glovu, koti la kinga na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Ndala ni za nyumbani! Na uulize bima: bima ndogo inamlipa uliyemgonga, pikipiki yako hailipi.

7. MWENZAKO AKIANGUKA

Piga 998 kwa ambulensi, 999 kwa polisi. Usimwinue wala kumkalisha. Akiwa anapumua, usimvue helmeti, wasubiri wataalamu. Panapotoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi.

Kaka yangu, dada yangu, jibu langu ni hili: anza na ndogo inayotosha barabara zako, uizoee mwaka mzima, kubwa itakusubiri dukani. Haraka haraka haina baraka. Nyumbani wanakungoja wewe, hawaingoji pikipiki.

Safari njema, na Mungu awalinde nyote.