Kero au Hasara: Namna ya Kujua Kazi Imefika Mwisho

Kila ofisi ina mtu anayesema "naacha kazi" kila Jumatatu, na mshahara ukiingia anakaa kimya hadi mwezi ujao. Huyo si mwoga, ila hajui anachokipima. Uchovu peke yake haumwambii mtu aondoke au abaki. Mwongozo huu unamhusu mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara anayelipwa kwa mwezi. Mtumishi wa umma ana taratibu zake, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Hatua ya 1: Tenganisha kero na hasara

Tafuta daftari, likae nyumbani. Kwa wiki kadhaa andika kila kinachokuudhi kazini pamoja na tarehe yake, kisha ukigawe kwenye safu mbili.

Kero ni bosi mwenye mdomo, vikao visivyoisha, foleni ya Mbagala hadi Posta, au mwenzako aliyepandishwa cheo kwa kujuana. Inauma, lakini siku ikiondoka haikuachii deni. Hasara ni kitu ambacho kikishapotea hukirudishi kirahisi: afya, jina, ujuzi, akiba ya uzeeni. Mhasibu anayeambiwa asaini hati ya kupokea bidhaa ambazo hazijaingia stoo hana kero huyo. Wakaguzi wakija, sahihi watakayoikuta ni yake, na aliyemtuma atasema hamkumbuki.

Safu ya hasara ikiwa tupu, funga daftari uombe likizo. Sheria inakupa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na wapo wengi wanaodhani wameichoka kazi kumbe hawajapumzika tangu waajiriwe.

Hatua ya 2: Soma karatasi, si nyuso

Slipu ya mshahara inaonyesha umekatwa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hiyo haina maana kwamba fedha imefika NSSF. Omba taarifa ya michango yako, uilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Mchango kamili ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, angalia pia kama ile asilimia 15 unayokatwa inapunguza deni kweli.

Ukikuta makato yapo na michango haipo, hiyo ni dalili nzito kuliko ugomvi wowote wa ofisini. Kampuni inayoyumba huanza kuchelewesha vile ambavyo mfanyakazi haviangalii: michango, bima ya afya, kodi. Mshahara hufuata. Ukichelewa mara moja, uliza. Ukichelewa mwezi wa tatu mfululizo, acha kusubiri "hela ya mradi inayokuja" na uanze kutuma maombi kwingine.

Hatua ya 3: Omba jambo moja

Chagua hasara moja kubwa, umpelekee mwenye uwezo wa kuirekebisha, na umwombe tarehe. Usiende na orodha nzima, maana atachagua lililo rahisi na kusema amekusikiliza. Tarehe ikipita bila kitu kufanyika, umepata jibu lako.

Hatua ya 4: Ishi bila mshahara kabla haujakatika

Hapa ndipo wengi hukwama. Piga hesabu ya mwezi mmoja wa nyumbani kwako, kisha ongeza yale yasiyokuja kila mwezi: kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo, ada ya Januari, mchango wako wa mchezo, marejesho ya kikoba. Weka na bima ya afya, kwa sababu kadi iliyokuja na ajira huondoka na ajira.

Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara una hatari yake. Mshahara ukikoma, deni halikomi, na benki itakutafuta. Nenda tawini mapema uulize utalipaje ukiondoka. Mtu anayeacha kazi akiwa na deni la benki, halafu akaliziba kwa mkopo wa kausha damu, amehama shida ndogo kwenda kubwa.

Halafu jaribu. Mshahara ukiingia, uhamishie kwenye akaunti nyingine, na mwezi huo muishi kwa akiba au kwa ile biashara unayosema itakulisha. Mwenzako wa nyumbani awe anajua. Jaribio la siri halipimi chochote. Kama kufikia tarehe 15 mmeshakopa dukani, muda bado. Tafuta kazi nyingine ukiwa ndani ya hii.

Hatua ya 5: Jiulize kama kweli unaacha kwa hiari

Kama mwajiri ameifanya kazi isivumilike, kwa kutolipa mshahara au kwa unyanyasaji wa kingono, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweza kuhesabu kuondoka kwako kuwa ni yeye aliyekuachisha. Shauri hilo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kwa hiyo usikimbilie kuandika ile barua ya adabu inayoshukuru kwa kila kitu na kusema unaondoka "kwa sababu binafsi". Barua hiyo itasomwa mbele yako. Muone kwanza chama cha wafanyakazi au mwanasheria.

Na ujue kwamba fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Wengi huligundua hili wakiwa tayari kwenye foleni.

Hatua ya 6: Andika, toa nakala, kabidhi

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28 baada ya mwezi wa kwanza kazini. Mkataba wako unaweza kudai zaidi, usome. Iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe. Usiitoe ukiwa likizo, wala usihesabu siku za likizo kuwa siku za notisi. Ukigoma kufanya kazi kipindi hicho, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo ya siku hizo kwenye stahiki zako.

Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kabidhi vifaa kwa orodha iliyosainiwa pande zote mbili, kompyuta na funguo za stoo zikiwemo. Dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo unayostahili, na cheti cha utumishi, ambacho sheria inamlazimu mwajiri akupe hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Miezi miwili baadaye, angalia tena taarifa yako ya NSSF. Kama mchango wa mwezi wa mwisho haujaingia, peleka malalamiko ofisini kwao ukiwa na slipu ya mwisho na ile nakala yenye muhuri.