Mtoto Anayechelewa Kukua Asingojewe

Kuchelewa kwa ukuaji ni hali ya mtoto kutofikia hatua ambazo wenzake wengi wa umri wake wamekwisha kuzifikia. Hatua hizo ni za mwili, za mikono na vidole, za lugha, za akili na za kuhusiana na watu. Mtoto huweza kuchelewa upande mmoja tu, au pande kadhaa kwa pamoja. Uzito ni jambo jingine: mstari unaopanda vizuri kwenye kadi ya kliniki hauthibitishi kwamba mtoto anasikia.

Kuchelewa kwa mwili huonekana mapema. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote wenye afya hukaa bila kushikiliwa wakifika miezi 9, na hutembea wenyewe wakifika miezi 18. Umri wa mtoto njiti huhesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, hadi atimize miaka 2. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka asidhaniwe kuwa wa mashoto. Huenda ni mtindio wa ubongo.

Lugha ndiyo inayopuuzwa. Husemwa kwamba wavulana hukawia kusema, kwamba baba yake naye alikawia, kwamba nyumbani kuna lugha mbili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Asiye na neno hata moja akiwa na miezi 18, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka 2, apimwe masikio kwanza. Mtoto kiziwi naye hutoa sauti miezi ya mwanzo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kugonga sufuria nyuma yake si kipimo: huhisi mtikisiko.

Asiyeitika jina lake wala kunyoosha kidole kuonyesha kitu achunguzwe usonji. Na aliyekuwa akisema au kutembea kisha akaacha apelekwe hospitali mara moja, kwa umri wowote. Asingojewe.

Sababu zinazojulikana ni pamoja na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa kichanga, homa ya uti wa mgongo, malaria kali, na rubela au upungufu wa madini joto kwa mjamzito. Laana haimo. Degedege ni dharura ya hospitali, si kazi ya mganga.

Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, hatua ya kujivunia, ingawa haimfikii mtoto anayefichwa chumbani. Taratibu za msamaha wa malipo kwa walio chini ya miaka 5 huelezwa kituoni. Chanjo ya miezi 18 isiwe mwisho wa kliniki. Mzazi ataje wasiwasi wake hata asipoulizwa, na akiambiwa asubiri, aombe tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi, au barua ya rufaa.