Kanisa la Mtaani ni la Nani?

Neno "parokia" twalitamka kila siku bila kujiuliza latoka wapi. Asili yake ni Kiyunani, *paroikia*, nalo hapo kwanza halikuwa na maana ya jengo, wala ya ofisi ya padre, wala ya eneo lililochorwa katika ramani ya jimbo. Maana yake ni kukaa mahali kama mgeni, kuishi kando ya watu wasio wa ukoo wako. Wakristu wa kwanza walijiita hivyo kwa kuwa walijua ya kwamba hapa duniani wao ni wapitaji, na ya kwamba nyumba ya jirani yao ni ya mtu asiyesali nao. Twaona yafaa kuanza somo la juma hili na neno hilo, maana liko swali linaloulizwa katika mitaa yetu, mara kwa kunong'ona, mara kwa machozi karibu na jeneza: kanisa hili ni la nani?

Wasomaji wetu wanalijua jambo lenyewe. Mtu amefariki dunia. Ndugu zake wanakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya kuomba mazishi ya Kanisa. Daftari linafunguliwa, na mbele ya jina la marehemu hakuna alama ya mahudhurio kwa miezi mingi. Kadi yake ya zaka ni tupu. Ndugu wanaambiwa wangoje viongozi wakae, au walipe kwanza deni la marehemu. Wakati huo majirani, Waislamu kwa Walutheri, wamekwisha kuchimba kaburi. Wameleta unga, kuni na maji. Wameketi chini ya mti wakitazama jinsi Wakatoliki wanavyohesabiana. Sisi twaona ni aibu, tena si ndogo.

Basi tuulize sheria ya Kanisa yasemaje, maana wengi hudhani kwamba kadi na daftari vimeamriwa nayo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 518, wafundisha kwamba parokia kwa kawaida ni ya eneo, yaani huwakusanya waamini wote wakaao humo. Haikusemwa waliolipa, wala wanaoonekana. Kanuni ya 1184 yawataja wale wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani hadharani, wazushi, waliojitenga na Kanisa, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika hivyo kungeleta kwazo kwa waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Tena mashaka yakitokea, lazima aulizwe mwenye mamlaka jimboni, na hukumu yake ifuatwe. Kadi ya zaka haitajwi hata mara moja. Mtu aliyekosa kuja jumuiya kwa miezi sita huenda alikuwa mvivu, huenda alikuwa mgonjwa, huenda alikuwa mlinzi wa usiku. Kwa sababu hiyo peke yake hakuwa mwasi. Tena kanuni za 848 na 1181 zaonya kwamba maskini asinyimwe sakramenti, wala mazishi yampasayo, kwa ajili ya umaskini wake.

Sharti tuwatendee haki viongozi wa jumuiya. Kazi yao ni ngumu, haina mshahara, na wengi wao huifanya kwa moyo mwema. Wao husema: tukimfungulia kila mtu, nani atatoa? Bati za kanisa hazitengenezwi kwa sala tupu. Kweli, na kanuni ya 222 yawapa waamini wajibu wa kulisaidia Kanisa kwa mali zao. Lakini kanuni hiyohiyo, katika sehemu yake ya pili, yawaagiza waamini wawasaidie maskini kwa mapato yao wenyewe. Wajibu si bei. Baba humdai mwanawe amsaidie shambani, wala hamfungii mlango usiku kwa kuwa hakulima.

Sasa tutazame walivyofanya waliotutangulia. Mwaka 251 Papa Kornelio alimwandikia Fabio, askofu wa Antiokia, akamhesabia watu wa Kanisa la Roma: mapadre 46, mashemasi 7, na wengine wenye madaraja, kisha wajane na wahitaji zaidi ya 1,500, ambao Kanisa liliwalisha. Tukumbuke kwamba Kanisa hilo lilikuwa likiteswa, halina serikali ya kulitetea. Walikuwa na orodha, naam, lakini orodha yao ilikuwa ya kujua nani ale. Karibu na mwaka uliofuata tauni iliushika mji wa Karthago, katika Afrika ya kaskazini. Watu waliwatupa wagonjwa wao njiani. Askofu Sipriani aliwakusanya Wakristu akawaambia kwamba kuwatunza Wakristu wenzao si jambo la ajabu. Wawatunze na wapagani pia. Na hao wapagani ndio waliokuwa wamewatesa miaka michache tu nyuma. Karne moja baadaye Kaisari Juliani, aliyetawala tangu 361 hadi 363 naye alikuwa ameuacha Ukristu, aliwalaumu makuhani wake kwamba wamewasahau maskini, na kwamba Wakristu wameliona pengo hilo wakaingia kazini. Ushuhuda wa adui una uzito wake.

Nasi katika pwani yetu tuna mfano. Mwaka 1860 mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padre Armand Fava, walifika Zanzibar, mji wa Waislamu, ambao Wakatoliki wake walikuwa wachache mno. Mara wakafungua hospitali. Kama wangeitaka kwanza kadi ya mgonjwa, vitanda vingekaa vitupu.

Jumuiya ndogo ndogo nazo zilikusudiwa vivyo hivyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliazimu kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo za mitaani, mahali watu wanapofahamiana kwa majina na kwa shida zao. Palipo na nyumba kumi au ishirini, mtu hawezi kuugua juma zima pasipo kujulikana. Hapo ndipo daftari lapata kazi yake halisi. Kanuni ya 529 yamwagiza paroko awatafute kwa bidii ya pekee maskini, wagonjwa, wenye taabu, wapweke na waliofukuzwa makwao. Na atawezaje, mwenye maelfu ya waamini, asipoletewa majina? Jina lililokosa alama mara tatu lasema kwamba watu wawili waende kubisha hodi nyumbani kwake.

Hapo familia zaweza kuanza juma hili. Siku ya jumuiya, kabla ya kuhesabu michango, yasomwe majina ya wasioonekana, na kila jina lipate mtu wa kwenda. Mama mjane asiye Mkatoliki, jirani wa jumuiya, naye aandikwe katika orodha ya wagonjwa akiugua. Kanuni ya 528 haikumwacha nje ya uangalizi wa paroko. Ukumbi wa kigango unaokaa umefungwa tangu Jumatatu hadi Jumamosi wafaa watoto wa mtaa wote kusomea jioni, wa dini yoyote. Na siku ya mazishi, wapangiwe viti ndani ya kanisa wale waliochimba kaburi, katekista akae karibu nao, awaeleze kwa sauti ndogo lini watu wanasimama na lini wanakaa.