Kitufe Namba 3: Mafunzo Niliyopata kwa Kupigia Kwaya Kinanda

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya Shinyanga mjini. Mialiko hutupeleka Kahama, Kakola, Katoro hadi Geita, huko kwenye dhahabu ambako watu wametoka kila kona ya nchi na kila mmoja amekuja na wimbo wa kwao. Kinanda chetu ni Yamaha PSR-E463. Kina vitufe 4 vya kumbukumbu na benki 8, yaani nafasi 32 za kuhifadhi unachokipenda. Nafasi hizo zimenifunza haya.

1. Sauti iliyo kichwani bado haijahifadhiwa

Tulikuwa Katoro kwenye mkutano wa injili. Kwaya imesimama, mwalimu ameinua mkono, nami natafuta ogani moja kati ya sauti 758. Kimya kikawa kirefu, waimbaji wakatazamana, soprano wakaanza wenyewe, juu mno. Tangu siku ile, sauti nikiipenda kwenye mazoezi ya Alhamisi, naihifadhi Alhamisi hiyo hiyo.

2. Hifadhi wimbo mzima

Kitufe kimoja hubeba sauti, mdundo, mwendo na ufunguo. Huo ufunguo ndio wa kuangalia sana. Vumbi la kiangazi likikausha makoo, tunashusha wimbo nusu-toni 2. Nikibonyeza kitufe nilichohifadhi zamani, wimbo unapanda tena ghafla na waimbaji wanaumia. Kwa hiyo wimbo ulioshushwa naupa nafasi yake.

3. Kuita na kufuta vinakaa jirani

Ukibonyeza namba, unaita. Ukibonyeza namba hiyo hiyo huku umeshikilia kitufe cha kumbukumbu, unaandika juu ya kilichokuwamo, na cha zamani hakirudi. Usiku wa mkesha wa Pasaka, Geita, kidole changu kilifanya hivyo. Kazi ya wiki mbili ikapotea, na wimbo tulioungoja Kwaresima nzima tukauimba kwa sauti ya kubahatisha. Siku hizi nakala ya kila kitu inaingia kwenye flashi kabla hatujapanda gari, na nikiwa safarini nahifadhi kwenye benki ya 8 tu, ambayo huiacha wazi kwa makusudi.

4. Sauti ya kwetu uitengeneze mwenyewe

Wasukuma tuna bugobogobo, ngoma ya jembe. Katika midundo ya kinanda chetu sikuiona. Nilikaa na mzee mmoja mpiga ngoma, yeye akigonga meza, mimi nikichanganya marimba na besi na kurekebisha mwendo, mpaka akasema, "Hapo sasa jembe linaingia ardhini." Nikahifadhi palepale, kitufe namba 3. Tulipoupiga mdundo huo Rwamagasa, akina mama waliinuka kabla kwaya haijafungua vinywa.

5. Andika daftarini

Zamani wapigaji wa sintesaiza walichora kwenye karatasi mahali kila kirungu kilipoelekea, ili kesho waipate tena sauti ya jana. Mwaka 1978 Dave Smith wa California alitoa sintesaiza ya Prophet-5, iliyoweza kukumbuka sauti 40 yenyewe. Hata hivyo karatasi haijapitwa na wakati, kwa sababu faili la kinanda kimoja mara nyingi halifunguki kwenye kinanda cha aina nyingine. Katika daftari letu kila kitufe kina ukurasa wake: sauti zipi, mwendo gani, ufunguo upi, wimbo gani.

Mwaka jana niliugua, kwaya ikaenda Geita bila mimi. Binti ninayemfundisha alikuta kinanda cha kuazima, cha aina nyingine kabisa. Alikaa na daftari mchana kutwa. Jioni akanipigia simu: "Shikamoo Mwalimu. Namba 3 nimeipata." Akaisogeza simu kwenye spika. Nami kitandani, Shinyanga, nikalisikia jembe likiingia ardhini.