Noeli Kihambani: Zawadi, Deni na Kumbukumbu ya Marehemu



Wiki ya mwisho ya Majilio ikifika, tiketi za kutoka Stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, kwenda Moshi na Rombo huwa za kugombania. Wengine hupanda treni, tangu safari za abiria kwenda Moshi ziliporudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Watani wetu husema Mchagga anaweza kukosa mengine yote lakini si Krismasi ya nyumbani. Utani huo tunaupokea, kwa kuwa una ukweli. Hata sisi mafrateri wa falsafa tunaotoka upande huo wa mlima, seminari ikifunga tu, mabegi yako mlangoni.

Kwa nini watu hurudi? Jibu la haraka ni nyama na mbege, na tusijifanye malaika, jibu hilo lina uzito wake. Lakini yapo mengine mawili: zawadi na makaburi.

Mwana mwenye kazi mjini hapandi basi mikono mitupu. Hubeba mchele, sukari, mafuta ya kula, kitenge cha mama, blanketi la babu. Siku ya kuchinja, mbuzi hagawiwi ovyo; sehemu zake hutolewa kwa heshima ya kila mtu katika ukoo, na asiyejua utaratibu huo hukaa kimya akajifunza. Sisi mafrateri tumesamehewa kidogo. Hatuna mshahara, tunarudi na rozari mbili tatu, kalenda na nguo za kufua, na mama anafurahi hivyo hivyo.

Kisha makaburi. Kihamba, kwa msomaji asiyekijua, ni shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Ndimo nyumba ilimo, na ndimo wanamolala marehemu, pengine hatua chache kutoka jikoni. Watoto hucheza kando ya majina ya mababu zao. Kwa kuwa Desemba wote wapo, ndipo makaburi hupaliliwa, mishumaa huwashwa, na lile ambalo bado ni tuta la udongo hujengewa kwa saruji na vigae, kisha husaliwa. Makaburi hujengwa kwa michango, na hapo ndipo tunapotaka kukaa katika somo hili.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa ya kusimulia ya kwao. Ukoo wake uliamua kumjengea bibi yao kaburi. Likaanzishwa kundi la WhatsApp, ikawekwa orodha: jina, ahadi, kiasi kilichotolewa. Kila jioni mweka hazina aliirudisha orodha kundini. Waliokamilisha waliandikiwa "amemaliza". Baba mdogo wa mwenzetu, ambaye biashara yake ya mjini ilikuwa imekufa, jina lake lilikaa na mstari mtupu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyemtukana. Ilikuwa ni orodha tu. Mwezi wa nne akajitoa kwenye kundi. Krismasi ile hakuja, wala iliyofuata, wala ya tatu. Mama yake mzazi alikuwa amelala chini ya vigae vizuri, na mwanawe hajaviona.

Tulipoisikia habari hii mara ya kwanza tulikuwa darasani na Aristotle. Katika kitabu cha nane cha Maadili kwa Nikomako anasema yapo madeni yasiyolipika kikamilifu, nayo ni yale tunayodaiwa na miungu (alisema kadiri ya imani ya watu wake) na wazazi. Anayetoa kwa kadiri ya uwezo wake huhesabiwa mtu mwema. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliichukua hoja hiyo na kuipa makao katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 101, anapofundisha fadhila iitwayo kwa Kilatini pietas. Tumehangaika kuitafsiri. "Uchaji" tumeshaupeleka kwa Mungu, na "utii" ni finyu mno. Maana yake ni heshima na huduma tunayowapa wazazi na nchi yetu, baada ya Mungu, kwa sababu kwao tumepata kuwapo na kulelewa.

Tukiliweka fundisho hili mbele ya ile orodha, tatizo linaonekana. Deni la bibi yule halina risiti ya mwisho. Hata angetoa milioni kumi, mwana hajalipia tumbo lililombeba. Neno "amemaliza" linaweza kuwa sahihi kwa saruji, lakini kwa bibi ni uongo. Aliyemaliza na mwenye mstari mtupu ni wadaiwa wa mama mmoja, na tofauti yao mbele yake ni ndogo kuliko ilivyoonekana kwenye simu.

Mtu atauliza: basi tusichangishe? Vigae havinunuliwi kwa falsafa. Swali ni la haki, na hatudharau michango. Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss alieleza kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Bibi zetu wasingehitaji kitabu kujua hilo, maana wajibu huo umeshikilia koo zetu katika misiba na arusi. Ila Thoma anatupeleka mbele zaidi. Akieleza kwa nini Roho Mtakatifu anaitwa Zawadi (sehemu ya kwanza, swali la 38), anasema zawadi halisi hutolewa bila nia ya kurudishiwa, na kinachomfanya mtu atoe bure ni upendo. Hivyo upendo ndio kitu cha kwanza tunachompa yule tunayempa zawadi. Kama ni hivyo, mchele na kitenge vinakuja nyuma. Cha kwanza kinachoshuka kwenye basi ni mwana mwenyewe, na yule baba mdogo alikuwa nacho muda wote. Sisi tuliobaki nyumbani ndio tuliomfanya adhani hana kitu.

Kuna jambo katika Injili za Noeli ambalo wengi hatujalitazama vizuri: nazo zina orodha. Ya kwanza ni ya Kaisari Augusto, kwa Luka. Yosefu anasafiri hadi mji wa ukoo wake ili aandikwe, na wao walipofika hapakuwa na nafasi ya kufikia. Ya pili ni ya Mathayo, ukoo wa Yesu Kristo, inayosomwa katika Misa ya mkesha wa Noeli. Parokia nyingi hatuisikii usiku huo, kwa kuwa ruhusa ipo ya kusoma sehemu fupi, na mapadre wanatuhurumia. Lakini ni masomo machache yanayofanana na Desemba ya kihambani kama hili: majina ya marehemu, mmoja baada ya mwingine, vizazi 14 mara tatu. Yumo Daudi, na papo hapo anatajwa mke wa Uria, ili tusisahau alichokifanya. Yumo Manase, mfalme aliyetenda maovu. Wamo Tamari, Rahabu na Ruthu, ambao mwanaukoo mkali angetafuta namna ya kuwaruka. Mathayo hakuandika kando ya jina lolote huyu alitoa kiasi gani. Mwana wa Mungu alizaliwa ndani ya orodha hiyo, na wote waliomo ni ndugu zake.

Mwaka wa nne baba mdogo alikuja. Ilikuwa jioni ya tarehe 24, kwa bodaboda, bila begi. Mpakani mwa kihamba alichuma jani la sale. Mmea huu tunaupanda mipakani, na kwa Wachagga anayeomba msamaha huleta jani lake, na aliyeletewa haifai akatae. Alilipeleka kwa kaka yake mkubwa, baba wa mwenzetu, ambaye alilipokea kwa mikono miwili na kumuuliza kama amekula. Asubuhi baada ya Misa walikwenda kaburini wote wawili, wakakaa huko muda mrefu. Mwenzetu anasema jambo lililomgusa zaidi ni maneno ya baba yake siku chache baadaye, walipokuwa wakikata majani ya ng'ombe: kwamba jani lile lilipaswa kutoka nyumbani kwenda Dar es Salaam, tena miaka mitatu kabla.

Tunamkumbuka hapa Mtakatifu Monika. Alipokuwa anafariki Ostia, mwaka 387, mbali na Afrika alikozaliwa, mwanawe mmoja alitamani afie kwao. Agostino anasimulia katika kitabu cha tisa cha Maungamo kwamba mama aliwaambia wasihangaike mwili wake uzikwe wapi. Aliomba tu wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Sisi Wachagga tunahangaika sana na mahali, na hatuoni aibu kwa hilo. Lakini ombi la Monika linaweza kutimizwa na mwana asiye na nauli, katika kila Misa, pale padre anapowaombea marehemu. Tungependa jumuiya ndogo ndogo za mijini ziwaambie hivyo wale ambao Krismasi hii watabaki, na ziwaalike mezani bila kuwauliza kwa nini hawakusafiri.

Ukoo wa mwenzetu bado una kundi, na bado una orodha, kwa kuwa mwaka huu ni zamu ya kaburi la babu. Safu ya fedha anaiona mweka hazina peke yake. Kundini yamewekwa majina tu, yakifuatana kwa kuzaliwa, na baba mdogo ni wa tatu.