Kinga ya Mwili: Tuwaulize Wenye Kujua

 

Tangu mwaka 2018 wasichana nchini hupewa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2024 ikawa sindano moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Zoezi likifika shuleni, mabinti wetu hapa Temeke huja madrasa na swali kutoka nyumbani: mtoto mzima, haumwi, sindano ya nini? Kuuliza si kosa. Kosa ni kuridhika na jibu la kijiweni.

Wataalamu hueleza hivi. Mwenyezi Mungu ameweka katika damu chembe nyeupe, nazo ni kama askari. Kijidudu kigeni kikiingia, askari huchukua siku kadhaa kukitambua na kutengeneza silaha ya kukiweza, na huku nyuma mtu huugua. Wakishakishinda, baadhi yao hubaki na kumbukumbu yake, kikirudi, hukiwahi. Virusi vya UKIMWI huwaua askari wenyewe, ndiyo maana tukauita Upungufu wa Kinga Mwilini.

Chanjo huwaonyesha askari sura ya adui kabla hajaja. Hii ya mabinti haina kirusi hai, ina mfano wa ganda lake tu. Mlinzi hufundishwa kabla ya mwizi kuvunja mlango. Na wanaohofu kuwa itamharibu binti tabia, tunawaambia: sindano hukinga mwili, tabia hukingwa na malezi, na hiyo ni kazi yetu sote.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, tabibu Abu Bakr al-Razi alipambanua ndui na surua, akajaribu kueleza kwa nini aliyepona ndui haugui tena.

Tuzingatie pia kisa cha Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, pwani ya Somalia. Aliogopa maumivu ya sindano, akaikwepa chanjo. Mwaka 1977 akaugua ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alipona, na baadaye akawa akiwahimiza wazazi wawachanje watoto dhidi ya polio, akiwasimulia kosa lake, hadi alipofariki mwaka 2013.

Katika Suratun-Nahl tumeamrishwa kuwauliza wenye ujuzi yale tusiyoyajua. Basi mzazi, nenda zahanati ukamuulize muuguzi mpaka uelewe. Nanyi wataalamu, semeni kwa lugha ya mama wa Mbagala.

Maswali:
1. Chembe nyeupe hufanya kazi gani?
2. Kwa nini chanjo hutolewa kwa mtu mzima wa afya?
3. Maalin alijifunza nini?

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.