SOMO LA NYUMBANI: KUCHOMA NYAMA NJE NA KUZUIA WADUDU

Katika Tunduma, Vwawa na vijiji vya Mbozi, nyama ya kuchoma ni chakula cha sherehe, cha mnada na cha jioni baada ya malipo ya kahawa. Somo hili limekusudiwa kusaidia vikundi vya kujifunza katika vyama vya msingi, ili furaha hiyo isigeuke kuwa ugonjwa au msiba.

1. Nzi na mahali pa jiko

Nzi hutaga mayai katika samadi na takataka. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi, na penye joto la kutosha nzi kamili hutokea baada ya siku 7 hadi 10. Kwa hiyo mwenye kufukiza moshi bila kuondoa uchafu huwafukuza nzi wa leo huku akiwafuga wa juma lijalo. Takataka zifukiwe angalau mara mbili kwa juma. Jiko liwekwe mbali na zizi na choo, na nyama ifunikwe kwa kawa au ungo safi.

2. Uchomaji

Mkaa huwa tayari unapofunikwa na majivu meupe. Mwali mkali huunguza nyama nje na kuiacha mbichi ndani. Mkaa usiwashwe kwa plastiki, wala nyama iliyoiva isikatiwe juu ya ubao wa nyama mbichi usiooshwa.

Nyama ya nguruwe yahitaji uangalifu zaidi. Uchunguzi uliofanywa wilayani Mbozi umeonyesha kwamba nguruwe wa huko huwa na viluwiluwi vya tegu. Mtu alaye nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Na mayai ya tegu yatokayo katika kinyesi chake, yakiingia kinywani mwa mtu, yaweza kufikisha viluwiluwi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kinga ni nyama iliyokaguliwa na kuiva hadi ndani, choo kitumiwacho na wote, mikono iliyonawiwa kwa sabuni, na nguruwe wafungiwao bandani.

3. Dawa za wadudu

Mkulima wa kahawa huweza kuwa na dawa ya mibuni nyumbani. Dawa hiyo isinyunyizwe kamwe karibu na nyama kwa ajili ya kufukuza nzi, wala kopo lake lisitumiwe kuwekea chumvi au maji, hata likioshwa mara nyingi.

Pareto, zao la nyanda za juu kusini, huua wadudu, na nguvu yake hupungua upesi juani. Hata hivyo, unga wake usiguse chakula, wala usimwagwe mtoni, kwani huua samaki na nyuki pia.

Kivumbasi au majani ya mkaratusi yakitiwa kwenye makaa hupunguza mbu wa jioni, lakini hayachukui nafasi ya chandarua. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, watu wakiwa wamelala.

4. Jiko lisiingizwe chumbani

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya nyanda hizi huwa kali, na wengine, baada ya kuchoma nyama, huingiza makaa yaliyobaki ndani ili kuota moto au kufukuza mbu. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huvuta asijue, wala asiamke. Kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama. Makaa yazimwe kwa maji huko huko nje. Mtu akipatwa na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.

Maswali ya kujadiliwa na kikundi

(a) Kwa nini moshi peke yake haumalizi nzi?
(b) Makopo ya dawa za mibuni hupelekwa wapi katika kijiji hiki?
(c) Ni nyumba ngapi huingiza jiko ndani wakati wa baridi, na chama kifanye nini kabla ya Juni?